Asilie Mtu Kabla ya Mama Risper

Vijana wangu wa idara, siku ile ya kuniaga mliniomba niseme machache, nami nikasema machache kweli, kwa sababu miguu ilikuwa inauma na kuku alikuwa anapoa. Baadaye wawili wenu walinifuata kwenye ngazi wakaniuliza ilikuwaje kufundisha huduma ya kwanza zamani zile, kabla mashine za kushtua moyo hazijaanza kutundikwa kwenye kuta za maduka makubwa. Niliwaahidi kwamba nitaandika. Nimekaa hapa Kawangware wiki kadhaa nikikwepa. Nilirekebisha mlango wa choo, halafu nikarekebisha redio ambayo haikuwa na shida yoyote, na sasa haifanyi kazi. Basi ninaandika.

Habari za vyeo sitawaambia. Nilivyopata mnavijua, na nilivyokosa mnavijua zaidi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana mwembamba kutoka Kakamega mwenye cheti kimoja na viatu vilivyonizidi ukubwa. Shirika lililoniajiri lilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vyombo, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu wa viwandani na wa mitaani jinsi ya kumshika mtu aliyeanguka mpaka daktari apatikane. Viwandani tulikaribishwa kwa meza na chai. Mitaani tulipewa benchi la kanisa, na mara nyingine kanisa lenyewe lilikuwa na ibada, tukangoja.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba mfupi aliyewahi kuhudumia majeruhi jeshini. Siku yangu ya kwanza alinipokea kwa kuanguka. Nilifungua mlango, akanitazama, akadondoka sakafuni kama gunia la mkaa. Mimi nilifanya nilichoona kikifanywa tangu utotoni: nilichukua jagi la maji nikammwagia usoni. Akafungua jicho moja.

"Kijana," akasema, "nilikuwa nimezimia tu. Sasa nimezama."

Alinifundisha hapo hapo akiwa amelowa. Mwangalie kwanza kama anapumua. Muite. Mguse. Na usikimbie, alisema, kwa sababu anayekimbia hufika akihema, mikono ikimtetemeka, na hapo wagonjwa ni wawili. Hilo la kutokimbia nimewafundisha ninyi nyote, na mmelilalamikia, na bado nasema ni kweli.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa sanamu la mpira, kuanzia kichwa hadi kiunoni, la kufanyia mazoezi ya kukandamiza kifua na kupuliza pumzi. Uso wake ulikuwa umechakaa kwa kufutwa spiriti, na wanafunzi walimwita Marehemu. Nilimbeba mgongoni ndani ya gunia la katani, kwa miguu, kutoka Kawangware hadi Kibera, nikipitia Ayany kuteremkia mtaa wa mabanda uitwao Raila. Mara moja karao, askari wa doria, alinisimamisha njiani, akafungua gunia, akakutana na uso. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mwingine amebaki wapi?" Alikuwa anatafuta miguu. Nilimweleza kwa muda mrefu. Mwishowe aliniomba nimfundishe cha kufanya mtoto akikabwa na mfupa, nikamfundisha kando ya barabara, na watu wakidhani nimeshikwa.

Watu hawakuja darasani wakiwa watupu. Walikuja na elimu yao. Aliyezimia humwagiwa maji au hunusishwa kitunguu. Mwenye kifafa hunusishwa kiatu, na asiguswe mate yake. Aliyeungua hupakwa dawa ya meno. Kazi yangu ilikuwa kuondoa vitu hivyo kimoja kimoja bila kumwaibisha mtu, na nawaambia kuondoa ni kugumu kuliko kuweka. Juu ya hayo ukimwi ulikuwa umeingia kila nyumba na hakuna aliyeutaja kwa jina. Ukifika kwenye somo la kupuliza pumzi mdomoni, darasa zima lilianza kutazama dari. Mafundi wa kuchomelea vyuma wa Kawangware, watu wasioogopa moto wala nini, waliniambia kwa heshima kubwa kwamba kifua watakandamiza mpaka kesho, lakini mdomo wa mtu wasiyemjua, hapana. Niliwagawia vitambaa vya plastiki. Wakavitumia kufunikia maandazi.

Haya yote nilikuwa nayachukulia kama mchezo wa kazi, mpaka siku ya Fanuel.

Nilikuwa nafundisha ndani ya kanisa la mabati pale Raila, mchana, joto mpaka Marehemu alikuwa ananata. Tukasikia kishindo na kelele nyumba ya nyuma. Fanuel alikuwa fundi wa mapaa, kijana wa Vihiga, anayejulikana na kila mtu kwa sababu nusu ya mapaa yale aliyapigilia yeye. Alikuwa juu ya paa akinyoosha bati, bati likagusa waya wa stima uliovutwa kienyeji. Nilipofika, mtu alikuwa ameshausukuma ule waya pembeni kwa mti mkavu, nashukuru kwa hilo. Fanuel alikuwa chali kwenye matope, midomo imekuwa ya kijivu, hapumui, na shingoni sikupata mapigo. Nilipiga magoti nikaanza kukandamiza kifua.

Mlangoni mwa nyumba ya pili alitokea mama mmoja mnene, beseni la dagaa wa omena kiunoni. Alimtazama Fanuel. Beseni likamtoka, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru.

Kwa wale mliokulia kwenye magorofa, niwaeleze. Nduru si kulia. Ni tangazo. Katika nyumba za Waluo na za Waluhya, na Raila ilijaa hao, mwanamke akipiga nduru ile amesema kwamba mtu ameondoka, na kila anayesikia anaidaka na kuipeleka mbele, mlango kwa mlango, mpaka anayechota maji mtaa wa pili ajue. Kabla sijamaliza kukandamiza zamu ya kwanza, kichochoro kizima kilikuwa kinalia. Wanaume wawili wakanishika mabega.

"Mwalimu, wacha. Huyu ameenda."

"Hajaenda! Nipeni muda!"

"Nduru imepigwa, mwalimu."

"Na kama anaweza kurudi?"

"Mtu ameshaliliwa arudi aende wapi? Wacha kuchezea maiti ya wenyewe."

Waliniinua kwa kwapa, kwa adabu kabisa. Mmoja alinipangusa matope magotini. Wa pili akaleta blanketi akamfunika Fanuel mpaka usoni, na hapo kazi yangu ikawa imekwisha.

Kama Fanuel angepona, sijui. Nimeulizwa na wengi na jibu langu ni hilo hilo. Wengi wa namna ile hawaamki hata ukikandamiza mpaka mikono iote sugu. Lakini wapo wanaoamka, na yeye hakupewa nafasi ya kujulikana yuko kundi gani. Niliumia sana. Nilirudi ofisini nikamwambia Mzee Kilonzo kwamba watu wale ni wajinga na sirudi kule.

Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Aliendelea kula.

"Wamemlilia haraka kwa sababu wanampenda," alisema. "Sasa wewe unataka kuwafundisha wasipende?"

"Nataka wangoje."

"Basi waulize wao jinsi ya kungoja. Mimi na wewe hatujui."

Jumamosi iliyofuata nilirudi, maana mshahara ulikuwa unanihitaji mimi na mimi nikiuhitaji. Mama yule mnene alikuwa ameketi benchi la nyuma. Hakumgusa Marehemu, hakuuliza swali. Watu walipotoka alibaki.

"Sasa mwalimu."

"Salama, mama."

"Wewe ndio ulikuwa unamfinya Fanuel kifua."

"Ni mimi."

"Na mimi ndio nilipiga nduru ya kwanza. Mimi ni Mama Risper, nauza omena hapo kwa kona." Alikuwa ameshika ncha ya leso aliyojifunga kiunoni kwa mikono miwili, akiikunja na kuikunjua. "Niambie ukweli, mwalimu, usinifiche. Alikuwa amekufa?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Moyo ulikuwa umesimama. Ukisimama, watu wakikandamiza mapema, kuna wakati unarudi. Wakati mwingi haurudi."

Mimi nilijifanya kumfunga Marehemu ndani ya gunia.

"Hakuwa mtoto wangu," akasema. "Hata lugha yangu hakuwa anaijua, alikuwa anajua kusema asante, ero kamano, peke yake. Lakini alikuwa ananiita mathe, kama mama yake. Nililia haraka ndio watu wajue ako na mtu hapa Nairobi. Mtu asife tu hapa kama paka." Akanitazama. "Kumbe nilikuwa namfungia mlango."

Nilimwambia asijilaumu. Ni maneno ambayo tunafundishwa kusema, na hayajawahi kumsaidia mtu yeyote niliyemwambia.

"Nifanye nini sasa? Maana mdomo huu unajifungua wenyewe."

"Waambie akina mama wasilie mapema."

Alicheka, cheko lisilo na raha, akaniita bwana kwa lugha ya kwetu. "Uambie mama asilie? Omwami, wewe umeoa?"

"Bado."

"Inaonekana."

Jumamosi ya pili yake, akasimama mbele ya darasa bila kuniomba ruhusa. Alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, na ndiyo iliyomfanya aitwe matanga ya mbali na ya karibu. "Sikizeni," alisema. "Hapa Raila nduru ya kwanza ni yangu. Hata kama sijaitwa, mnajua ni yangu. Sasa mtu akianguka, mniite mimi kwanza. Nikisimama hapo na sijalia, hakuna mtu wa kulia, hata kama ni bwana yako, hata kama ni mtoto yako. Hawa watu wa mwalimu wafanye kazi. Wakiniambia imeisha, nitalia, na mtanifuata, na tutalia vizuri."

"Na kama hauko?" mmoja akauliza.

"Mnitafute kwa omena. Mimi naenda wapi?"

Walikubali. Mimi ndiye niliyekuwa na shaka. Kitabu chetu cha mafunzo kilichotoka ng'ambo hakikuwa na sura ya jambo kama hilo, na nilipoliandika kwenye ripoti, ofisi ililibatiza jina la udhibiti wa umati. Lakini lilifanya kazi. Mtu alipoanguka, vijana wawili walikwenda, mmoja kuniita mimi au Jane, na mmoja kumwita Mama Risper. Jane alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanafunzi wangu bora kuliko wote, mwenye mikono mizito kama ya mpiga matofali. Mama Risper alifika, akajipanga mlangoni, akazuia watu na kuzuia kilio. Watu walimtazama yeye usoni, hawakumtazama mgonjwa. Wengi wa hao wagonjwa walikuwa wamezimia kwa njaa au kwa joto tu, na zamani wangeliliwa wakiwa hai.

Mtoto wa mfua nguo mmoja alitumbukia kichwa chini kwenye pipa la maji. Sikuwepo, nilikuwa Kawangware na mafundi wangu wa maandazi. Jane alinisimulia. Walimtoa mtoto amelegea kama kitambaa, rangi imemtoka. Jane akampuliza pumzi, bila kitambaa cha plastiki wala nini, na kukandamiza kile kifua kidogo kwa vidole. Mama mtoto alikuwa anafungua mdomo apige nduru. Mama Risper alimkumbatia kwa mkono mmoja akamkandamiza uso kifuani pake, na kwa mkono wa pili akajisokomeza leso yake mwenyewe kinywani, akaiuma. Watu kichochoro kizima walisimama wakimtazama mama mwenye leso mdomoni. Hakuna aliyelia. Mtoto akatapika maji, akakohoa, akaanza kulia yeye.

Nilipokwenda kumsalimu Mama Risper, alikuwa kibandani anapepeta omena, macho mekundu.

"Nasikia ulifanya kazi kubwa, mama."

"Mwalimu, hii kazi ya kunyamaza inachosha kuliko ya kulia," akasema. "Nilienda nyuma ya choo nikalia baadaye. Mtoto ako mzima anakula uji, na mimi niko nyuma ya choo nalia."

Halafu mashine ikaja. Pembezoni mwa Kawangware kulikuwa na kiwanda kidogo cha sabuni ambacho wenyewe walikuwa ng'ambo, na mwishoni mwa miaka ile ya tisini wenyewe hao wakatuma mashine ya kushtua moyo, ya kubeba mkononi, yenye kunena. Sijawahi kuona kitu kinaheshimiwa namna ile. Meneja aliiweka kwenye kabati la kioo nyuma ya meza ya mapokezi, karibu na kikombe walichoshinda kwenye kandanda. Niliitwa kuwafundisha wafanyakazi kuitumia, na kila mara ilibidi kwanza atafutwe mwenye ufunguo wa kabati. Nilimwambia meneja kwamba moyo hautangoja ufunguo. Alisema vitu vinaibwa. Tulibishana mwezi mzima na zaidi, mpaka akaondoa kufuli, na nikiwa bado nina joto la ushindi nikamwomba niiazime siku za Jumamosi, kiwanda kikiwa kimefungwa, nikafundishie Raila.

"Ikipotea?"

"Nitapotea nayo."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani alikuwa amechoka kuniona.

Niliiweka juu ya benchi kanisani, watu wakaja kuitazama kama maiti ya mtu mkubwa.

"Hii inafufua?" Jane akauliza.

"Haifufui. Kuna wakati moyo hausimami kabisa, unatetemeka tu bila mpango, damu haiendi. Hapo hii inaushtua kwa stima ili uanze upya. Lakini ukiwa umenyamaza kabisa, mashine haina la kufanya, ni mikono tu. Inausikiliza kwanza, halafu inakwambia."

"Inaongea Kiswahili?"

"Kizungu."

"Basi inamwambia nani?"

Walicheka wote isipokuwa Mama Risper. Alikuwa amesimama mbali na benchi. "Stima ndio ilimuua Fanuel," alisema, "na wewe unatuletea stima kwa mfuko." Nilimweleza tena, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, akaja, akaigusa kwa ncha ya kidole, akakirudisha kidole haraka. "Sawa. Lakini kama ni mimi, mwache Jane anishike kwanza. Mikono ya Jane naijua."

Ninyi sasa mnazo mashine hizi mpaka kwenye mabanda ya kuoshea magari, na naona mkienda kufundisha mnaanza nazo. Sisemi vibaya. Lakini mkifika mtaani, kabla hamjafungua mkoba, ulizeni nani hapo huanza kulia. Kaeni naye. Kunyweni chai naye. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika katika miaka yote niliyofanya kazi hii, na nimelijua kwa sababu ya mama mmoja muuza omena, ambaye sasa lazima niwaambie alivyokwenda. Nimechelewa makusudi, mtanisamehe.

Ilikuwa Jumamosi, kabla ya saa sita, darasa linaendelea, mashine iko juu ya benchi. Jane hakuwa amefika. Akaingia akitembea kwa haraka, hakukimbia, nilivyomfundisha.

"Mwalimu, ni Mama Risper."

Nilidhani Mama Risper ametuma niitwe. "Amesimama kwa nani? Nani ameanguka?"

"Mwalimu, ni yeye."

Nilichukua mashine. Hapo nilikimbia, na Mzee Kilonzo anisamehe huko aliko.

Alikuwa ameanguka ndani ya kibanda chake, kando ya meza, omena zimemwagika juu ya leso yake. Jane alikuwa ameacha watu wawili wa darasa letu wakimkandamiza, akapiga magoti akapokea. Niliita jina lake, hakuitika. Nilikata gauni kwa makasi, na akina mama bila kuambiwa wakatandaza leso zao wakatuzungushia ukuta asionekane. Nilibandika vile vibandiko viwili kifuani. Cha pili nilikibandika upande, nikakibandua nikakirudia. Mashine ikasema kwa Kizungu chake tusimguse, Jane akatoa mikono, tukangoja. Nilimwomba Mungu moyo ule uwe unatetemeka. Nilimwomba hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Mashine ikanena tena.

"Imesema nini?" aliuliza Risper, binti yake. Alikuwa msusi, kibanda chake hakikuwa mbali, na mikono yake bado ilikuwa na nyuzi za nywele za mteja.

"Imesema haina haja ya kushtua. Tuendelee na mikono."

"Hiyo ni nzuri ama ni mbaya?"

Nilimwambia tuendelee na mikono.

Tulikandamiza kwa zamu, Jane, mimi, kijana wa duka la mafuta ya taa, halafu Jane tena. Tulipuliza. Mashine ilisikiliza kila baada ya muda na kila mara ilisema neno lile lile. Mtu alikwenda kutafuta pikapu. Mwingine alikwenda kumwita sista, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa makamo niliyemfahamu, asiye na maneno mengi. Alipofika aliinama, akamulika macho ya Mama Risper, akasikiliza kifua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akarudia tena. Kisha akaweka mkono wake juu ya mikono ya Jane.

"Wacheni sasa," alisema. "Mmefanya yote."

Jane hakuacha. Sista akamwambia tena kwa jina. Jane akaacha, akakaa chini kwenye omena, mikono imefunguka mapajani, akaitazama kama si yake.

Halafu hakukutokea kitu.

Nataka mwelewe hapo. Kichochoro kilikuwa kimejaa watu mpaka mwisho, wamepanda hata juu ya madebe, na hakukuwa na sauti. Mtu alikuwa amezima redio. Akina mama walikuwa wameweka mikono vinywani, machozi yanawatiririka mpaka viwikoni, na kila mmoja ananyamaza, kwa sababu huo ndio uliokuwa mpango. Walikuwa wanangoja mtu aanze. Aliyekuwa na haki ya kuanza alikuwa amelala pale chini, na hakuwa amewahi kutuambia ni nani anayemfuata. Sista alikusanya vyombo vyake. Pikapu ikafika, dereva akaona watu kimya, akadhani mgonjwa yuko hai, akaanza kupiga honi apishwe.

Risper alinishika shati. "Mwalimu, nani ataanza?"

"Ni wewe, Risper. Ni mama yako."

"Siwezi. Alituambia tusilie kabla ya yeye." Alikuwa ananivuta shati kama mtoto. "Mwalimu, wanambeba. Wanambeba na hakuna mtu amelia."

Wanaume walikuwa wameshamshika miguu na mabega. Nilitazama huku na huku nikitafuta mama wa kuanza, mzee yeyote, mtu wa kwao. Wote walikuwa wananitazama mimi. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama mbele yao nikiwaambia wangoje, na wao walikuwa wamengoja.

Basi niliweka mikono kichwani nikapiga nduru. Sikuwa nimewahi kuipiga maishani mwangu. Kwetu ni ya wanawake, na kazini nilikuwa nimefundishwa nisilie mbele ya mgonjwa wala mbele ya watu wake. Ilitoka vibaya, ikakatika katikati, nikavuta pumzi nikaanza upya, nikamwita mathe kama Fanuel alivyomwita, kwa sababu sikulijua jina lake la kuzaliwa. Risper akaidaka. Jane akaidaka akiwa amekaa pale pale chini. Ikapita kibanda kwa kibanda, ikapanda kuelekea Ayany, mpaka sikuweza tena kuisikia sauti yangu.